Breki za mbio kwenye gari la pwani: dalili, visababishi na tiba

Malindi ina magari ya mwendo mengi kuliko mgeni anavyodhani. Kuna Impreza, Lancer Evolution, Golf GTI, na MX-5 mojamoja zinazolala chini ya turubai kule Casuarina. Wenyewe wakipata nafasi huyapandisha bara kukimbizwa kwa kupimwa muda kwenye mashindano ya lami kama Kiamburing TT kule Kiambu. Kabla ya safari ndipo breki hubadilishwa: kalipa (vibanio vinavyozikandamiza padi kwenye diski) za pistoni nne zilizotumika Japani, diski pana, padi za mbio, paipu zilizosukiwa waya. Wiki inayofuata simu ya fundi haipoi.

Malalamiko ni yale yale. "Fundi, pedali imelegea." "Fundi, usukani unacheza." Na mara nyingi kalipa iliyonunuliwa haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kile cha zamani kilichoachwa pembeni yake: mafuta, paipu za mpira, uso wa habu (kitovu cha gurudumu), pini, sili za masta (pampu kuu ya mafuta ya breki). Kwetu huku chumvi ya bahari imeshavila vitu hivyo kimyakimya miaka yote ambayo breki ndogo hazikuvidai chochote. Kwa hiyo dalili hapa chini zimepangwa kwa jinsi mguu na mikono inavyozihisi, na ndani ya kila moja kisababishi cha kawaida zaidi kimetangulia. Anza juu, shuka polepole, usirukie dukani.

Hesabu kidogo kwanza, maana malalamiko mengine si ugonjwa bali ni matarajio. Gari la kilo 1,300 likiwa kwenye kilomita 160 kwa saa limebeba nishati ya karibu megajuli 1.3, kwenye kilomita 80 ni robo yake tu. Kusimama mara moja kutoka 160 hupandisha joto la diski mbili za mbele, zenye kilo 8 kila moja, kwa zaidi ya nyuzi 100, na uwanjani kona inayofuata haingoji zipoe. Kazi ya diski kubwa ni kumeza joto hilo na kulitoa. Kufupisha umbali wa kusimama kwa kukanyaga mara moja ni kazi ya tairi. Tena, kalipa ya pistoni moja ya milimita 57 ina eneo la sentimita mraba 25.5, ya pistoni nne za milimita 40, ukihesabu upande mmoja kama inavyotakiwa, ina 25.1. Nguvu ya kubana ni karibu ile ile. Aliyenunua kalipa kubwa ili asimame upesi mbele ya tuktuk mjini angenunua tairi.

Tahadhari za kazi ni zile za siku zote, ila kwenye breki hazina msamaha. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake, na si kwenye mchanga: tafuta sakafu ya saruji. Vumbi la padi usilipulize kwa hewa, lifute kwa kitambaa chenye maji. Mafuta ya breki yakidondokea rangi, mwaga maji hapo hapo. Na majaribio ya kwanza yafanywe kwa mwendo wa mtu anayetembea, uani, kabla hujaikaribia barabara ya Mombasa.

Pedali ni laini tangu siku ya kufunga

Mshukiwa wa kwanza ni hewa, na kuna njia moja inayoiacha ndani kuliko zote: kalipa ya kushoto imefungwa kulia na ya kulia kushoto. Mezani huwezi kuzitofautisha upesi. Toa tairi, chuchumaa, tazama nipeli ya kutolea hewa. Ikiwa inaangalia chini, hewa imekaa juu kabisa ya kalipa mahali ambapo mafuta hayataisukuma itoke hata ukublidi, yaani ukitoa hewa kwa kusukuma mafuta nje, mpaka Isha. Bolti zote zimeingia, paipu imefika, gurudumu linazunguka vizuri. Hakuna kinacholalamika ila mguu. Zibadilishane pande. Kama kalipa yako ina pistoni za saizi mbili, ukimaliza hakikisha ile ndogo iko upande ambao diski inaingilia kwenye kalipa, gari likienda mbele, na kubwa upande inakotokea.

Nipeli zikiwa juu na pedali bado laini, blidi tena. Kalipa nyingi za pistoni nne zina nipeli mbili, ya ndani na ya nje, na wengi hufungua moja tu. Fuata mpangilio wa magurudumu uliomo kwenye kitabu cha gari lako, kwa sababu si kila gari huanza na gurudumu la mbali. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta ya zamani ina kutu na uchafu kwenye sehemu ambayo sili yake haijawahi kufika. Ukikanyaga mpaka mwisho unaiburuta sili juu ya kutu hiyo, na wewe uliyeanza na tatizo moja sasa una mawili.

Baada ya hewa, zitazame paipu za mpira. Mwambie mtu akanyage kwa nguvu huku wewe umeishika paipu kiganjani. Ukihisi inavimba, ndiyo inayokula mwendo wa pedali. Mara nyingi mtu hubadilisha za mbele na kuziacha za nyuma. Ukinunua za waya, chukua zilizovishwa ganda la plastiki, kwa sababu waya ulio wazi hushika mchanga na mchanga huo husaga kila kinachougusa.

Halafu kuna masta yenyewe. Injini ikiwa imewashwa, kanyaga kwa nguvu ya wastani na ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama polepole na hakuna tone lolote nje, sili za ndani zimechoka. Ikiwa haizami ila safari yake imekuwa ndefu na inabaki hapo hapo, jumla ya eneo la pistoni mpya huenda ni kubwa kuliko masta ilivyokusudiwa kuzilisha. Dawa yake ni masta yenye kipenyo kikubwa zaidi. Lakini uielewe biashara yenyewe: masta kubwa hufupisha pedali na kukudai nguvu zaidi ya mguu.

Cha mwisho, na cha nadra, ni hewa iliyonaswa ndani ya kifaa cha ABS (kinachozuia magurudumu yasifunge), kwa kawaida kwa sababu tangi la mafuta ya breki liliachwa likauka wakati wa kazi. Hiyo haitoki kwa kukanyaga peke yake. Inahitaji mashine ya kompyuta ya kufungulia vali za ndani.

*Simama hapa umwite fundi wa breki* ikiwa pedali inafika sakafuni, ikiwa masta inavuja kuelekea ndani ya gari au kwenye busta (chombo kinachoongezea nguvu ya mguu), au ikiwa umeblidi mara mbili kwa utaratibu na hakuna mabadiliko. Gari lisiendeshwe kwenda kwake. Yeye aje, au liburutwe.

Asubuhi pedali iko sawa, raundi ya tatu imelegea

Hii ndiyo dalili yetu hasa watu wa pwani. Mafuta yamechemka. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa maji kutoka hewani, na maji hayo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Viwango vya DOT, yaani daraja la mafuta linaloandikwa kwenye chupa, vinaonyesha pengo hilo kwa nyuzi za Selsiasi: DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205, na ikishakuwa na maji asilimia 3.7 inaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabanika, na mguu unazama kwenye kitu kisicho na nguvu.

Kusi likivuma, nguo za uani hazikauki na bati linatoka jasho. Chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa rafuni nayo inakunywa unyevu ule ule. Kwa hiyo chunguzo la kwanza ni swali: mafuta yaliyotiwa yalitoka kwenye chupa iliyofungwa na lakiri yake, au ile iliyobaki ya mteja mwingine? Hata yawe ya bei gani, chupa iliyokaa wazi miezi mitatu hapa mjini si mafuta ya mbio tena. Chota kidogo kwenye gilasi uyatazame kwenye mwanga. Rangi ya chai ya rangi inamaanisha yamezeeka, ingawa weupe peke yake hauthibitishi kwamba hayana maji.

Tiba ni kuyabadilisha yote, si kuongezea, kwa mafuta yaliyotengenezwa kwa mbio. Motul RBF 600, kwa mfano, huchemka kwa nyuzi 312 yakiwa mapya na zaidi ya 200 yakiwa na maji; Castrol SRF ni angalau 310 na 270, na hiyo namba ya pili ndiyo inayolipiwa bei yake. Kama hayapatikani Malindi, agiza Mombasa au Nairobi yaletwe kwa basi, na uagize chupa ndogondogo badala ya kopo kubwa. Yabadilishe kabla ya kila safari ya uwanjani. Mtu wa Nairobi akikwambia yeye hubadilisha mara moja kwa mwaka, mwache na hewa yake kavu.

Jihadhari na jina moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, 5.1 ni jamii ya 3 na 4. Nukta moja na tarakimu moja, mifumo miwili tofauti.

Ikiwa mafuta ni mapya kabisa na bado yanachemka, joto ndilo limezidi. Padi zimeisha kiasi gani? Padi iliyobaki nusu hupitisha joto kwenda kwenye pistoni upesi kuliko iliyo nzima. Kisha fikiria bomba la kupeleka hewa katikati ya diski, si usoni mwake, ili diski iivute na kuisukuma nje kupitia mapezi yake. Diski zenye mapezi yaliyopinda zina kushoto na kulia: mapezi yaelekee nyuma kadiri yanavyotoka katikati kwenda ukingoni, ukizingatia mzunguko wa gari likienda mbele. Usiamini mifereji ya usoni kukuelekeza, chungulia ndani.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hiki na ni kibaya zaidi: mtu ametia mafuta ya gia au ya usukani kwenye tangi la breki. Dondoshea kidogo kwenye gilasi ya maji. Mafuta ya breki ya glaikoli, yaani DOT 3, 4 na 5.1, huchanganyika. Mafuta ya madini huelea. Ukiyaona yanaelea, au ukiona mpira wa kifuniko cha tangi umevimba, *usiendeshe gari hata mita kumi*. Kila sili iliyoguswa, kuanzia masta mpaka kalipa, ni ya kubadilishwa. Kusafisha peke yake hakutoshi.

Na breki zilizochemka zikipoa, pedali hurudi. Kurudi huko kusikudanganye. Blidi kabla ya kuanza safari ya kurudi nyumbani. Kutoka Kiambu hadi Malindi ni barabara ndefu yenye malori mengi.

Pedali ni ngumu kama ukuta lakini gari linaendelea

Usichanganye hii na iliyotangulia. Laini ni habari ya mafuta au hewa. Ngumu isiyoshika ni habari ya padi, au ya busta.

Kama inatokea baada ya raundi kadhaa na inaambatana na harufu kali ya kuungua, padi zimepita kiwango chake cha joto. Padi za barabarani kwa kawaida huanza kuchoka takriban kati ya nyuzi 350 na 400. Kama inatokea asubuhi, kona ya kwanza, basi ni kinyume chake: una padi za mbio ambazo hazijapata moto. Huo si ubovu, ndivyo zilivyo, na ndiyo sababu hazifai kwa gari linalopeleka watoto chuoni. Na kama padi ni mpya na zimechoka mara ya kwanza tu zilipopata joto, gundi yake imetoa gesi kwa sababu hazikuzoeshwa. Njia ya kuzizoesha iko kwenye sehemu ya mtetemo hapa chini.

Busta hupimwa bila kifaa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Mguu ukiwa bado umeikandamiza, washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, angalia paipu ya hewa na vali yake kabla ya kulaumu busta yenyewe. Injini iliyofungwa kemshafti (mtaimbo unaofungua vali) kali hutoa mvuto hafifu, na hilo nalo huonekana hapa.

Sasa jambo ambalo sijasikia likisemwa sana. Busta hutumia uzito wa hewa ya nje. Malindi tuko usawa wa bahari. Nairobi ni takriban mita 1,700 juu, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Gari lililotengenezwa na kujaribiwa hapa litakuwa na pedali nzito zaidi huko. Watu hufika, wanahisi uzito, wanaanza kufungua vitu jioni ya kuamkia mashindano. Fanya jaribio la busta. Likipita, acha gari kama lilivyo, zoesha mguu.

Usukani au pedali inatetemeka

Kila mtu husema diski zimepinda. Ni nadra. Kwa kawaida ni moja kati ya mambo mawili: diski haikukaa sawa kwenye habu, au nyenzo ya padi imejipaka kwenye diski kwa mabaka.

Anza na nati za magurudumu, maana ni bure. Zilifungwa kwa bunduki ya hewa? Zilegeze, zifunge kwa mkono kwa mtindo wa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu kama unayo. Tazama pia kama rimu zisizo za gari lile zimewekewa pete ya katikati.

Kisha vua diski utazame uso wa habu, yaani pale diski inapoegemea. Kwenye gari lililoishi pwani utakuta duara la kutu kuzunguka kila bolti, la kahawia iliyokolea, gumu, lenye magamba. Pitisha ukucha juu yake: ukucha unakwama. Unene wake ni kitu kidogo sana, lakini kosa dogo karibu na katikati hukua kadiri unavyokwenda ukingoni, na diski mpya ya milimita 326 ina ukingo ulio mbali kuliko ile uliyoivua. Mafundi wengi huchomeka diski mpya juu ya kutu hiyo na kugonga kwa nyundo ikae. Usikubali. Brashi ya waya, kisha msasa kuzunguka kila bolti, kisha futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Wenye saa ya kupimia waishikize na kuzungusha diski: ukingoni, kucheza kuzidi takriban sehemu 0.05 hadi 0.1 ya milimita ni kwingi. Ikizidi, jaribu kugeuza diski kwa tundu moja kwenye habu upime tena. Bado inazidi? Tazama beringi.

Mabaka ya padi ndiyo kisa cha pili. Hutokea mtu anapomaliza raundi kali, akasimama na kushikilia pedali huku diski zimewaka. Padi huacha alama yake hapo hapo, na alama hiyo hujijenga kila ukikanyaga. Uwanjani ukirudi, zunguka polepole mpaka zipoe, na ukiegesha weka kizuizi cha gurudumu badala ya handibreki. Wala usimpe kijana wa kuosha gari ruhusa ya kumwagia maji magurudumu yangali moto.

Dawa ya mabaka, na ndiyo njia ile ile ya kuzoesha padi mpya: tafuta kipande kilichonyooka kisicho na nyumba wala mifugo, alfajiri, barabara tupu mbele na nyuma. Kutoka kilomita 100 kwa saa shuka mpaka 20 kwa breki ya nguvu isiyofunga magurudumu, bila kusimama kabisa, kisha ongeza tena. Rudia mara nane hadi kumi mfululizo. Utasikia harufu. Halafu endesha dakika kumi na tano karibu bila kugusa breki. Mwendo huo hauzidi ule ambao sheria inaruhusu gari dogo kwenye barabara kuu, kwa hiyo huhitaji kuivunja. Kama mtengenezaji wa padi zako ametoa utaratibu wake, fuata wake. Na padi za aina tofauti usiziweke juu ya diski iliyopakwa na zile za kwanza bila kuisafisha uso.

Ikishindikana, diski ikachongwe kwa mashine, mradi isishuke chini ya kiwango cha unene kilichoandikwa kwenye diski yenyewe.

Mara ya kwanza ni ndefu, ya pili ni sawa

Umekimbia kipande kirefu bila breki, au umepanda ukingo wa kona, na unapokanyaga pedali inashuka sana. Ukikanyaga tena iko juu. Hewa haifanyi hivyo. Diski imecheza na kuzisukuma padi na pistoni ndani ya kalipa. Kalipa za pistoni pande zote mbili zina ugonjwa huu kuliko zile zinazoteleza kwenye pini, kwa sababu hazisogei pamoja na diski.

Shika gurudumu saa sita na saa kumi na mbili, litikise. Likicheza, beringi au viungo. Lisipocheza, pima tena kucheza kwa diski. Vyote vikiwa salama, baki na desturi ya madereva wa mbio: gusa pedali kidogo kwa mguu wa kushoto kabla ya sehemu ya kukanyaga. Beringi inayocheza ni ya *kusimamisha gari siku hiyo hiyo*.

Gari linavuta upande, au gurudumu moja ni la moto

Pima upepo wa tairi. Ukiwa sawa, endesha kidogo bila kukanyaga sana, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, au tumia kipima joto cha mwanga.

La moto kuliko wenzake lina kitu kilichokwama. Kwenye kalipa za nyuma, ambazo wengi huziacha za kiwandani, huwa ni pini za kutelezea. Chumvi huingia chini ya mpira uliochanika na pini hushika. Zisafishe, ubadilishe mipira, upake grisi ya breki ya silikoni. Grisi ya beringi huvimbisha mipira hiyo na kuirudisha kazi baada ya miezi michache. Kwenye kalipa mpya za mbele tazama padi kwanza: kutu ikiingia kati ya aluminiamu na vipande vya chuma padi inapotelezea, nafasi hubana na padi hairudi. Sugua, usiparue padi kwa tupa mpaka ilegee.

Kama pini na padi ni huru, fungua nipeli ya gurudumu hilo. Gurudumu likiachia hapo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa, na paipu ya zamani ya mpira ndiyo huwa imeziba ndani: mafuta yanakwenda kwa nguvu ya mguu na hayana cha kuyarudisha.

Neno moja juu ya ununuzi. Kalipa halisi za mashindano nyingi hazina mpira wa kuzuia vumbi kwenye pistoni. Huko zilikotengenezewa hufunguliwa na kusafishwa kila mara. Hapa, mchanga wa Mambrui na upepo wa chumvi vitazimaliza. Chukua za barabarani zilizokusudiwa gari la mwendo.

Mkia unapepea ukikanyaga, au ya mbele yanafunga mapema, au taa ya ABS

Mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma umeharibika. Kisababishi kikuu ni kubadilisha upande mmoja tu: breki kubwa mbele na padi zilizochoka nyuma hufunga magurudumu ya mbele mapema na kurefusha umbali wa kusimama. Hilo ni hasara. Kinyume chake, padi kali nyuma na za kawaida mbele, ni hatari, maana mkia hutangulia. Rudisha padi za jamii moja mbele na nyuma kabla ya kugusa kitu kingine. Vali za kurekebisha zinazouzwa kwa bei rahisi zikae dukani mpaka mtu anayejua kupima shinikizo awepo.

Taa ya ABS baada ya kazi huwa ni waya wa kihisio uliovutwa, au unga wa chuma wa padi ulionata kwenye ncha yake. Futa. Ikiwa pete yake ya meno imevimba kwa kutu, ibadilishwe. Magari mengine, ukikanyaga ghafla mno, hudhani yako kwenye utelezi na pedali inakuwa ngumu bila breki. Anza kukanyaga kwa haraka lakini kwa kuongeza.

Wanaohamisha breki za Impreza STI kwenda kwenye WRX, ndugu yake mdogo, wakague matundu kabla ya kulipa: diski za mpaka 2004 ni 5x100 (matundu matano kwenye duara la milimita 100), za modeli ya 2005 kuendelea ni 5x114.3. Na rimu isipungue inchi 17.

Kelele

Mlio mkali wa padi za mbio zikiwa baridi ni wa kawaida. Mkwaruzo wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu ni kutu ya usiku mmoja. Tiki-tiki inayofuata mzunguko wa gurudumu mara nyingi ni vile vyuma vya kubalansi vilivyogandishwa ndani ya rimu vikigusa kalipa mpya. Vihamishe. Mgongano mmoja unapokanyaga na mwingine ukirudi nyuma: kaza bolti za kalipa kwa kipimo chake, na kama zimeshatumika na zina kutu kwenye nyuzi, nunua mpya. Chuma kusaga chuma ni padi zilizokwisha. Zima gari.

Nyufa kwenye diski

Nyufa ndogondogo za usoni, nyembamba kama unywele, hutokea kwa diski yoyote ya uwanjani. Zifuatilie kila ukivua tairi. Ufa unaonasa ukucha, uliofika ukingoni, au uliounganisha tundu na tundu, ni mwisho wa diski hiyo, na za matobo huanza upesi kuliko za mifereji. Badilisha zote mbili za ekseli moja. Kuna watu huko mjini watakaokuambia wanaweza kuchomelea. Diski ya breki haichomelewi.